Kura ya Mkataba wa UPS: Jinsi “Hapana” ya Wengi Ilivyohesabiwa Kuwa “Ndiyo”

Mwezi Oktoba 2018 wanachama wa Teamsters, chama cha wafanyakazi kinachowawakilisha madereva na wapakiaji wa kampuni ya vifurushi ya UPS nchini Marekani, walimaliza kupiga kura juu ya mkataba mpya wa miaka mitano. Kura 92,604 zilihesabiwa. 50,248 ziliukataa mkataba na 42,356 ziliukubali. Muda mfupi baadaye uongozi wa chama ukatangaza kwamba mkataba mkuu umepita. Ajabu hiyo haikutokana na kosa la hesabu. Ilikuwa imeandikwa ndani ya katiba ya chama chenyewe, na yeyote anayetaka kuelewa kwa nini wafanyakazi hawa huchambua kila pendekezo la mwajiri neno kwa neno, tena kwa hasira, hana budi kuanzia hapo.

Katiba hiyo ilisema kwamba iwapo waliojitokeza hawafikii nusu ya wenye haki ya kupiga kura, pendekezo la mwisho la mwajiri litahesabiwa limekataliwa pale tu theluthi mbili za kura zinaposema hapana. Waliojitokeza mwaka huo walikuwa kama asilimia 44. Kwa hiyo zilihitajika kura 61,736 za hapana, na zilizopatikana zilipungua kwa zaidi ya 11,000. Waliolitetea sharti hilo walikuwa na hoja: kukataa pendekezo la mwisho ni kuukaribia mgomo, na si haki kikundi kidogo chenye ari kiwaingize maelfu ya wenzao katika mgomo wasioutaka. Hoja ya upande wa pili ni fupi zaidi, na kwangu ndiyo nzito: aliyebaki nyumbani hakusema lolote, lakini sharti lile lilimsemea, tena likamsemea ndiyo.

Ugumu wa kura hii hauishii kwenye theluthi mbili, kwa sababu kura yenyewe si moja. Upo mkataba mkuu wa kitaifa, unaopanga mambo yanayomgusa kila mtu, kama nyongeza za ujira na aina za ajira. Chini yake ipo mikataba ya nyongeza ya kanda na matawi, inayoshughulikia mambo ya karibu zaidi, kama vile likizo na namna ukongwe kazini unavyotumika katika kugawa zamu. Mwanachama hupigia kura mkataba mkuu na pia nyongeza ya kwao, na mkataba mkuu haukamiliki mpaka nyongeza zote zikubaliwe. Mwaka 2013 mkataba mkuu ulipita kwa asilimia 53 tu, lakini nyongeza kadhaa zilikataliwa, nyingine zaidi ya mara moja, na mambo yakaburutwa hadi mwaka 2014, uongozi ulipobadili kanuni na kuyafunga kwa mamlaka yake. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga ndiyo kwa taifa na hapana kwa tawi lake siku hiyohiyo, na asiwe amejipinga hata kidogo.

Swali linalochochea ubishi kuliko yote, hata hivyo, ni nani hasa anayeitwa mwanachama. Ndani ya jengo moja la UPS kuna karibu kazi mbili tofauti. Zamu ya wapakiaji wa asubuhi huanza usiku ukiwa haujaisha, mara nyingi kwenye saa kumi alfajiri. Vifurushi huja juu ya ukanda unaotembea, na mpakiaji mmoja huhudumia magari kadhaa ya rangi ya kahawia yaliyoegeshwa nyuma yake. Husoma lebo, hunyakua kifurushi kabla hakijampita, huingia nacho ndani ya gari na kukipanga kwenye rafu kwa mfuatano wa nyumba ambazo dereva atazifikia. Akikosea rafu, dereva atapoteza dakika barabarani akikitafuta, na lawama itamrudia yeye. Magari yakishaondoka kazi yake imekwisha. Mkataba unamhakikishia malipo ya saa tatu na nusu kwa siku, na siku nyingi hapati mengi zaidi ya hayo. Huyu ni mfanyakazi wa muda, na watu wa aina yake ni zaidi ya nusu ya wanachama wote wa UPS.

Dereva ndiye anayeanza pale mpakiaji anapoishia. Ujira wake kwa saa ni karibu mara mbili ya ule wa mpakiaji, lakini kilio chake ni kinyume kabisa: saa zake zimezidi. Mkataba unampa kinga inayojulikana kwa namba tu, “tisa nukta tano”, maana yake dereva asiyetaka kufanya kazi zaidi ya saa 9.5 kwa siku anaweza kuorodhesha jina lake, na kampuni ikimzidishia mara kwa mara ndani ya wiki, anawasilisha lalamiko na kulipwa fidia. Basi mmoja anaomba saa ziongezwe, mwingine anaomba zipunguzwe. Wote wana kadi ya chama ileile, na wote wanapewa karatasi moja ya kura.

Mgawanyiko huu una historia ndefu. Tangu mwaka 1982 ujira wa kuanzia wa wafanyakazi wa muda uligandishwa kwenye dola 8 kwa saa, na ulikuwa bado umekaa hapo mwaka 1997, huku bei za vitu zikiwa hazikuwasubiri. Agosti mwaka huo watu wapatao 185,000 waligoma kwa siku 15 chini ya Ron Carey, rais wa chama ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuwa dereva wa UPS. Kiini cha mgomo ule, na sababu ya umma kuuelewa haraka, kilikuwa kazi za muda: chama kilisema Marekani ya vibarua vya nusu siku haiwezi kusimama. Kampuni ilikubali kuunganisha ajira za muda ili kupata kazi 10,000 za kutwa, na ikaachana na mpango wake wa kujitoa katika mifuko ya pensheni inayochangiwa na waajiri wengi kwa pamoja. (Mpango huo haukufa. Mwaka 2007 UPS ililipa dola bilioni 6.1 ili kutoka katika mmojawapo wa mifuko hiyo, ule wa majimbo ya kati. Jambo lililoshindwa mezani mwaka mmoja huweza kurudi kwa mlango mwingine miaka kumi baadaye.)

Sasa turudi kwenye mkataba wa 2018, kwa kuwa hasira ya zile kura 50,248 ilikuwa na jina: “ishirini na mbili nukta nne.” Ni kifungu cha 22.4, kilichounda aina mpya ya dereva. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba dereva huyo atachanganya kazi ya ndani na ya barabarani, atafanya kazi mwishoni mwa wiki, na hivyo kuwapunguzia madereva wa kawaida mzigo wa kulazimishwa siku ya sita. Kwenye karatasi ilisikika kama nafuu. Lakini ngazi yake ya juu ya ujira ilikuwa chini ya ile ya dereva wa kawaida, na ile kinga ya saa 9.5 hakuwa nayo. Katika majengo mengi alivaa sare ileile, akaendesha gari lilelile, akagawa vifurushi kutwa nzima, na kupokea pungufu. Wakongwe wengi waliopiga hapana hawakuwa wamepunguziwa hata senti. Walichokiona ni kwamba kampuni ikishapata dereva wa bei nafuu, haitakuwa na sababu ya kuajiri tena dereva wa bei yao.

Kura ile iliyopinduliwa ilibadili chama kuliko ilivyobadili kampuni. Katika mkutano mkuu wa Juni 2021 wajumbe waliliondoa sharti la theluthi mbili, wakaamua posho ya mgomo ilipwe kuanzia siku ya kwanza, na wakataka wafanyakazi wa kawaida wawemo katika kamati za majadiliano. Mwezi Novemba mwaka huo Sean O’Brien, ambaye mwaka 2017 rais wa chama wa wakati huo, James P. Hoffa, alikuwa amemwondoa katika kuongoza majadiliano ya UPS, alishinda uchaguzi wa urais wa chama, na Machi 2022 akachukua usukani. Aliahidi kwamba 22.4 itafutwa. Mkataba ulikuwa unaisha tarehe 31 Julai 2023. Juni mwaka huo asilimia 97 ya waliopiga kura waliidhinisha mgomo iwapo ungehitajika. Tarehe 5 Julai mazungumzo yalivunjika, na wanachama wakaanza kufanya mazoezi ya mgomo mbele ya malango ya majengo yao kabla ya kuingia kazini. Tarehe 25 Julai pande mbili zikafikia makubaliano ya awali.

Makubaliano hayo yalikuwa manono, na hilo ndilo lililoufanya mjadala uliofuata kuwa mgumu kuliko wa 2018. Kifungu cha 22.4 kilifutwa na madereva wake wakapandishwa kuwa madereva wa kawaida. Kila aliyekuwa kazini aliahidiwa nyongeza ya dola 7.50 kwa saa ndani ya miaka mitano: dola 2.75 mara moja, kisha 0.75, 0.75 tena, 1.00, na 2.25 katika mwaka wa mwisho. Kulazimishwa kufanya kazi siku ya mapumziko kulikomeshwa. Magari yatakayonunuliwa kuanzia Januari 2024 yangekuja na viyoyozi, na ya zamani yangefungwa feni. Jambo hilo lisingekuwa na uzito huo kama si joto la miaka iliyotangulia, likiwamo la Juni 2022, ambapo dereva wa miaka 24 alifariki akiwa kazini huko Pasadena, California. Siku ya kumbukumbu ya Martin Luther King ikawa sikukuu yenye malipo. Kampuni iliahidi kazi mpya 7,500 za kutwa. Wawakilishi wa matawi walipokutana kuyapitia makubaliano, 161 waliunga mkono na mmoja akapinga.

Waliosema “tupige hapana” walitaka nini, basi? Tuchukue kalamu. Ujira wa kuanzia wa mfanyakazi wa muda chini ya mkataba uliokuwa unaisha ulikuwa dola 15.50 kwa saa. Kwa saa tatu na nusu, siku tano kwa wiki, hiyo ni dola 271.25 kabla ya makato. Makubaliano mapya yaliupandisha hadi dola 21, yaani dola 367.50 kwa wiki. Wapinzani, miongoni mwao kundi lililojiita Teamsters Mobilize, walidai dola 25, ambazo kwa saa hizohizo ni dola 437.50. Tofauti ya dola 70 kwa wiki haionekani kubwa kwa dereva mwenye saa 50. Kwa mtu ambaye wiki yake nzima ni dola 367 ni karibu sehemu moja ya tano ya alichonacho.

Lakini kilichouma zaidi hakikuwa kiwango chenyewe; kilikuwa ulinganisho. Mpakiaji mwenye miaka minne kazini aliyekuwa akilipwa dola 18, akiongezewa 2.75, anafika 20.75, kwa hiyo anavutwa mpaka 21, na hapo anasimama bega kwa bega na aliyeajiriwa wiki hiyo. Wenye miaka mingi zaidi waliongezewa kiasi kidogo cha ukongwe, kisichozidi dola 1.50. Kisha linganisha mbele: aliyekuwa kazini kabla ya Agosti 2023 anazipata nyongeza zote za jumla, hivyo mwenye dola 21 atafika 25.75 mwishoni mwa mkataba. Aliyeajiriwa baadaye anaanza 21 na kupanda hadi 23 tu. Wanafanya kazi ileile kwenye ukanda uleule. Mkataba ulioua tabaka la pili la madereva ukaanzisha tabaka la pili la wapakiaji, na sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati mbaya. Fungu la fedha mezani likiwa na mwisho, walio ndani ya ukumbi hupata kura, na ambao bado hawajaajiriwa hawana.

Waliounga mkono hawakukana lolote kati ya hayo. Kundi la wanamageuzi la Teamsters for a Democratic Union, lililoanzishwa mwaka 1976 na lililopinga vikali mkataba wa 2018, safari hii lilihimiza ndiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba pendekezo halipimwi kwa kile ambacho mtu anastahili. Hupimwa kwa kile kitakachopatikana likikataliwa. Hapo wengi walikuwa na mfano wa karibu. Mwaka 2018 wafanyakazi wa UPS Freight, tawi la mizigo mikubwa lililokuwa na mkataba wake, walilikataa pendekezo kwa kura za kutosha hata kwa kanuni za wakati ule. Kampuni ikaacha kupokea mizigo mipya na kuanza kuondoa iliyokuwemo katika mtandao, ili mgomo usiikute na shehena za wateja. Wafanyakazi wakaiona kazi ikiyeyuka mbele ya macho yao kabla hata ya kugoma, na mwezi Novemba wakalikubali pendekezo la mwisho kwa wingi mkubwa. Miaka michache baadaye UPS iliuza tawi lote.

Mfano huo unaweza kusomwa kwa namna mbili, na ulisomwa hivyo. Mmoja alisema: mnaona, hapana ina gharama. Mwingine alijibu kwamba mizigo mikubwa ilikuwa na wasafirishaji wengine tele, ilhali vifurushi zaidi ya milioni 20 ambavyo UPS huvishughulikia kwa siku havina pa kwenda kwa ghafla, kwa hiyo nguvu ya mgomo wa Agosti 2023 isingeweza kulinganishwa. Nadhani wa pili alikuwa sahihi kuhusu nguvu, ila nguvu hiyo ilikuwa imeshatumika. Tishio lile lile ndilo lililozaa pendekezo lililokuwa mezani, na kulitumia mara ya pili kungewataka watu wagome kweli, wakiwemo madereva waliokwisha kupata karibu kila walichokidai.

Sheria nayo ilikuwa mezani. UPS huangukia chini ya sheria ya kawaida ya mahusiano kazini, inayoruhusu wafanyakazi kujiunga tawi kwa tawi na kugoma mkataba unapoisha. Mshindani wake mkuu, FedEx, katika kilichokuwa kitengo cha Express, kilichoanza na ndege, huangukia chini ya sheria ya reli ya mwaka 1926, inayohusu pia mashirika ya ndege, inayotaka wafanyakazi wa kada moja wajiunge nchi nzima kwa mkupuo mmoja na inayouchelewesha sana mgomo. Kwa hiyo, ukiacha marubani, wafanyakazi wa FedEx karibu hawana chama. UPS hutaja hilo kila inapojadiliana, ikisema wateja watahamia kwa asiyelipa ujira wa chama. Pia sheria ya Taft-Hartley ya 1947 humpa rais wa nchi njia ya kuomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80. Mwaka 1997 Bill Clinton hakuitumia. Mwaka 2023 O’Brien alitangaza mapema kwamba anaitaka Ikulu ikae pembeni.

Kulikuwa pia na takwimu moja iliyopotosha watu wengi nje ya chama, na naitaja kwa sababu bado inazunguka. Agosti 2023 mkurugenzi mkuu wa UPS, Carol Tomé, alisema kwamba mwishoni mwa mkataba dereva wa wastani wa kutwa atapata kama dola 170,000 kwa mwaka. Wengi waliisoma kama mshahara. Alichosema ni malipo pamoja na marupurupu, yaani na bima ya afya na pensheni ndani yake. Ngazi ya juu ya ujira wa dereva ilikadiriwa kufika wastani wa dola 49 kwa saa. Zidisha kwa saa 40 na wiki 52, unapata dola 101,920. Kinachobaki ni saa za ziada na michango ambayo dereva haioni mkononi. Na mpakiaji hayumo kabisa katika hesabu hiyo, ingawa siku zile yeye ndiye aliyeulizwa na majirani kwa nini bado analalamika.

Kura ilifungwa tarehe 22 Agosti 2023. Asilimia 86.3 walikubali, kiwango cha juu kuliko mkataba wowote wa Teamsters na UPS uliotangulia, na waliojitokeza walikuwa asilimia 58, kwa hiyo hata kama sharti la theluthi mbili lingekuwa bado lipo, lisingegusa chochote. Nyongeza 44 zilipita. Moja, iliyowahusu watu 174 huko Florida, ilirudishwa mezani, na kwa kanuni ileile niliyoitaja mwanzoni mkataba wa watu wapatao 340,000 ulibaki ukiwasubiri hao 174 kwa muda.

Kuhusu yaliyofuata, karatasi ya kura haikuwa na mahali pa kuyauliza. Januari 2024 UPS ilitangaza kupunguza nafasi 12,000, nyingi zikiwa za mameneja na watu wa mikataba ya nje. Aprili 2025 ilitangaza kupunguza nafasi nyingine 20,000 na kufunga majengo 73 kufikia mwisho wa Juni, huku ikipunguza kwa zaidi ya nusu vifurushi inavyobeba kwa niaba ya Amazon. Teamsters walijibu kwa kuikumbusha kampuni ahadi yake ya kazi mpya za kutwa. Vifungu vya mkataba vinamhakikishia mpakiaji dola zake kwa saa, na saa zake tatu na nusu siku anayoitwa kazini. Idadi ya majengo yenye ukanda wa kusimama pembeni yake ilibaki uamuzi wa kampuni. Mkataba huu unaisha tarehe 31 Julai 2028.